Mhariri, hiyo ya akili kutoka kwa mama naomba muirekebishe

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Moshi. Mimi ni mwalimu wa bailojia sekondari, mwaka wa 27 huu nashika chaki, na gazeti lenu nalisoma tangu niko chuo. Siku hizi nalisomea zaidi kwenye simu, ila mdogo wangu yeye bado ananunua la karatasi pale soko la Mbuyuni, na ndo yeye aliyenionyesha ile makala yenu ya ukurasa wa malezi, ile iliyosema mtoto anarithi akili kwa mama yake, na kwamba asilimia 80 ya akili mtu anazaliwa nayo, halafu mkamshauri mzazi awaangalie watoto mapema wakiwa la pili la tatu ili ajue yupi wa kumlipia ada na yupi wa kumtafutia kazi ya mikono. Alinipigia saa moja asubuhi. Akaniuliza, "Dada, kama akili inatoka kwa mama, huyu wa kwangu kaitoa wapi?"

Siku ile sikumjibu, nilimwambia nipo darasani nitakupigia. Nimekaa na hilo swali wiki nzima na ndo maana naandika, naomba mnivumilie barua itakuwa ndefu.

Niwaambie kwanza huyu mdogo wangu ni nani. Mimi ni wa 1971, yeye wa 1976, tumezaliwa Mwika, kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, baba mmoja mama mmoja. Mimi shuleni nilikuwa naitwa kipanga. Yeye alikuwa anakaa dawati la nyuma kabisa maana walimu walishaamua hashiki kitu, akiulizwa swali anamwangalia mwalimu mdomoni halafu anajibu kitu kingine kabisa, darasa zima linacheka, kwahiyo akawa kilaza na jina likamganda mpaka nyumbani. Wazee wakasema huyu kafuata upande fulani wa ukoo ambao hawakujaliwa kichwa. Mwaka 1989 bei ya kahawa ikaanguka, ule mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika mwezi wa saba mwaka uo huo, na kile kihamba kilichokuwa kinasomesha watoto wote kikawa hakitoshi hata kwa mmoja. Baba akakaa na baba zetu wadogo wakaamua kilichopo kiende kwa mwenye akili. Mwenye akili nikawa mimi. Mdogo wangu alikuwa amemaliza la saba, hakuchaguliwa, shule za kulipia zilikuwepo huku kwetu nyingi tu lakini nani alipe, akapelekwa Dar kuwa dada wa kazi. Alikuwa na miaka 13.

Mwaka 2007 akiwa mtu mzima wa miaka 31 akaenda hospitali kwa ajili ya kizunguzungu, daktari akamchungulia masikio akamwambia mama wewe ngoma za masikio yote mawili zimetoboka, na zimetoboka siku nyingi, toka utotoni. Aliponiambia nilikaa chini. Nikakumbuka ule usaha uliokuwa unamtoka kila masika, mama anamtia mafuta ya vuguvugu na pamba, ukikauka tunasahau, masika mengine unarudi. Yaani mtoto alikuwa hasikii. Miaka 7 ya shule ya msingi alikuwa anasoma midomo ya watu, akiwa amekalishwa nyuma ambako hata midomo yenyewe haionekani vizuri, na hakuna aliyejua, mwalimu hakujua, mama hakujua, mimi niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja sikujua.

Leo huyo mtu ananunua ndizi Mwika anapeleka Dar. Hana daftari. Anajua ndizi ya mshare imekaa siku ngapi toka ikatwe kwa kubonyeza tu, anajua Fuso ikijaa inabeba mikungu mingapi ikiwa ya ukubwa huu na mingapi ikiwa ya ule, anajua nani anadaiwa toka mwezi wa tatu na alilipa nusu siku gani, na nikimpigia kumuuliza bei anapiga hesabu ya mafuta, ushuru na zitakazoharibika njiani kabla sijamaliza sentensi. Binti yake amemaliza kidato cha sita na divisheni wani, sasa yuko chuo anasoma uhandisi. Siku ya kumpongeza shemeji mmoja akasimama mbele za watu akasema mtoto huyu kachukua akili za mama yake mkubwa. Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu alikuwa anagawa chakula, akaendelea kugawa.

Sasa nirudi kwenye makala.

Hilo la akili kutoka kwa mama linazunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp, nimeshalikuta hata kwenye kundi la wazazi wa shule, wanaume wanashauriana kuoa mwanamke mwenye akili ili watoto wawe na akili, na mtoto akifeli mama ndo anaangaliwa. Chanzo chake nakijua kwasababu nafundisha mada hiyo kidato cha nne. Binadamu ana jozi 23 za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni au vinasaba tunavyorithi, nusu toka kwa baba nusu toka kwa mama, na mtoto wa kiume kromosomu yake ya X ni moja tu na anaipata kwa mama. Na ni kweli kabisa kwamba kwenye X kuna jeni nyingi ambazo ikiharibika hata moja mtoto anaweza kupata ulemavu wa akili, ndo maana ulemavu wa namna hiyo unawakuta zaidi wavulana. Hapo ndo watu wanaporuka kwenda kwenye jambo jingine kabisa. Mkanda wa injini ukikatika gari linasimama, lakini Noah mbili zenye mikanda mizima, moja ikimbie kuliko nyingine, tofauti yao hutaikuta kwenye mkanda.

Na hili limepimwa. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa watu zaidi ya milioni 1.1, walichunguza vinasaba vyao wakalinganisha na miaka waliyosoma shule, wakakuta maeneo 1,271 kwenye vinasaba yanayohusiana na kusoma zaidi au kidogo. Elfu moja mia mbili sabini na moja, Mhariri, yametawanyika kwenye kromosomu tunazopata kwa baba na kwa mama, na kila moja mchango wake ni mdogo mno. Kwenye X wakakuta maeneo 10 tu, na mchango wa X nzima ukawa kama asilimia 0.3. Ukikusanya vinasaba vyote walivyovisoma ukajaribu kutabiri nani atasoma mbali, unaeleza asilimia 11 mpaka 13 ya tofauti kati ya watu. Na waliopimwa karibu wote ni watu wenye asili ya Ulaya, kwahiyo hata hizo namba huwezi kuzibeba ukazileta Kilimanjaro ukamtabiria nazo mtoto wa Kibosho.

Haya, ile asilimia 80. Hapa sitaki kuwaonea, namba kubwa za namna hiyo zipo kweli na jeni zina nguvu kweli kweli, mwalimu yeyote aliyefundisha ndugu wanne wa nyumba moja anajua watoto hawazaliwi sawa. Kule Minnesota Marekani Thomas Bouchard na wenzake walianza mwaka 1979 kutafuta mapacha waliofanana kabisa ambao walitenganishwa wachanga wakalelewa nyumba tofauti, na mwaka 1990 wakaandika kwamba kama asilimia 70 ya tofauti za IQ, yaani alama za mtihani wa akili, kwa wale watu zinaendana na urithi. Sitaki msomaji adhani napinga hilo, silipingi.

Kinachonisumbua ni neno mlilolitumia, kwamba asilimia 80 ya akili ya mtu inatokana na kuzaliwa, kana kwamba ukimchukua mwanafunzi wangu mwenye alama 100 utasema 80 hizi za damu na 20 hizi za chakula na shule. Hiyo namba haiko hivyo. Inazungumzia tofauti KATI ya watu, ndani ya kundi lililopimwa, kwa mazingira waliyokuwa nayo wakati ule. Mazingira yakibadilika namba inabadilika ingawa jeni ni zile zile.

Wanafunzi wangu nawaelezea kwa mgomba. Mgomba hatuupandi kwa mbegu, tunang'oa chipukizi pembeni ya shina tunakwenda kuupanda kwingine, kwahiyo chipukizi wote wa shina moja ni mapacha wa kufanana kabisa, vinasaba ni vile vile. Chukua mmoja upande karibu na banda la ng'ombe, mwingine upande kule tambarare kwenye ukame, njoo mwaka ujao uangalie mikungu. Tofauti yote unayoiona hapo urithi wake ni sifuri. Halafu chukua mshare na kisukari uzipande shimo kwa shimo karibu na banda lile lile, samadi ile ile, maji yale yale, hapo tofauti karibu yote unayoiona ni ya mbegu, yaani aina ya mgomba. Je, mbegu inachangia asilimia ngapi? Huwezi kunijibu mpaka uniambie umepanda wapi. Na usimame kihambani ukiwa umeshika mkungu mdogo toka tambarare ukasema hii mbegu mbaya, wakati pacha wake yuko bandani amezaa mkungu wa kubebwa na watu wawili.

Ukiangalia watoto ni vile vile. Darasa ambalo wote wamekula, wote wanasikia, wote wana vitabu na mwalimu mmoja mzuri, tofauti itakayobaki itakuwa kubwa upande wa jeni kwasababu zile nyingine umeshaziondoa. Darasa ambalo nusu hawajala toka jana usiku, na wengine wana minyoo, na wengine wametembea saa moja na nusu kuja shule, jeni zinakosa hata nafasi ya kujionyesha. Eric Turkheimer na wenzake walilikuta hilo Marekani mwaka 2003 kwa mapacha wa miaka 7, kwenye familia zenye uwezo urithi ulieleza sehemu kubwa ya tofauti za IQ, kwenye familia maskini ukaeleza karibu hakuna, mazingira ndo yalikuwa yanaamua. Walivyokuja kurudia utafiti wa namna hiyo Ulaya Magharibi na Australia hawakuliona, na moja ya maelezo wanayotoa ni kwamba kule hata maskini anafikiwa na hospitali na shule za maana. Sasa niambieni sisi tunafanana na wapi.

Kuna jambo jingine ambalo makala yenu ingelijua isingeandika ule ushauri wa la pili la tatu. Nguvu ya urithi kwenye IQ haianzi kubwa, inaongezeka mtoto anavyokua. Mwaka 2010 walikusanya jozi kama 11,000 za mapacha toka nchi 4, wakakuta urithi unaeleza asilimia 41 ya tofauti wakiwa na miaka 9, 55 wakiwa na 12, na 66 wakifika 17. Yaani mtoto wa la tatu ndo yuko kwenye umri ambao kinachomtofautisha na mwenzake zaidi ya nusu SIYO jeni, halafu nyie mnasema huo ndo umri wa kumsoma damu na kumwamulia maisha.

Kwanini inaongezeka? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mtoto anavyokua anaanza kujitafutia mazingira yake, na mazingira nayo yanamjibu. Mtoto mwenye kaupendeleo kadogo tu ka kusoma anaokota hata karatasi iliyofungia maandazi anaisoma, mwalimu anamwona, anamleta dawati la mbele, anampa kitabu cha kwenda nacho nyumbani, baba anamsifia kwa wageni, mwaka ujao amewaacha wenzake mbali, na wote tunasema alizaliwa hivyo. Kweli alizaliwa na kitu, lakini kile kitu kidogo kimebebwa na mikono ya watu wengi mpaka kikawa kikubwa. Mimi nilibebwa hivyo. Na mdogo wangu alirudishwa nyuma kwa njia hiyo hiyo, kwa kitu ambacho hata kwenye jeni hakimo, ni usaha.

Na hiyo shule yenyewe inaongeza akili, hili naomba mliandike kwa herufi nene. Stuart Ritchie na Elliot Tucker-Drob mwaka 2018 walikusanya tafiti za watu zaidi ya 600,000 wakakuta kila mwaka mmoja wa shule unaongeza IQ kwa pointi 1 mpaka 5. Hesabuni wenyewe. Mzazi anawatazama watoto wawili, anaona tofauti ndogo, anampeleka mmoja shule miaka 6 zaidi na mwingine anamwacha, halafu baada ya miaka 6 anawaangalia tena anasema si mnaona, nilijua mimi, huyu ndo mwenye akili. Tofauti ameitengeneza yeye mwenyewe kwa ada. Kwetu ilikuwa hivyo, na baba yangu alikuwa mtu mwema aliyetupenda wote, alikuwa hana hela na alikuwa ameambiwa akili iko kwenye damu.

Sasa tuangalie samadi ya kwetu ikoje, maana ni hapa ambapo ukurasa wa malezi ungeweza kusaidia watu. Huku milimani mvua ya miaka na miaka imeosha madini joto kwenye udongo, wazee wetu wengi walikuwa na rovu shingoni, na rovu ni kile kinachoonekana tu, kisichoonekana ni mtoto tumboni ambaye ubongo wake unajengwa bila madini joto ya kutosha. Mwaka 1994 walijumlisha tafiti nyingi wakakuta jamii zenye upungufu mkubwa ziko chini kwa kama pointi 13.5 za IQ kulinganisha na zisizo na upungufu. Hapa Tanzania kuanzia 1986 mpaka katikati ya miaka ya 90 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, wakati chumvi ilikuwa bado haijawekewa, na watafiti waliofuatilia wale watoto wakaandika mwaka 2009 kwamba waliokuwa tumboni mama akiwa amekingwa walisoma kwa wastani miezi kama minne zaidi kuliko ambao hawakukingwa, na waliofaidika zaidi ni wasichana. Damu ile ile, wilaya ile ile, kidonge kimoja. Na bado leo naona watu sokoni wananunua chumvi ya mawe ya kupima kwa kopo, haina hata lebo ya madini joto, kisa imepungua shilingi mia.

Halafu kuna maji ya upande wa Meru. Nilifundisha huko miaka 6 kabla sijahamia Moshi, darasa zima watoto wakicheka unaona meno ya kahawia, na kila mtu wa Usa River na Ngurdoto anajua ni maji, mlima ule ni wa volkano na miamba yake inatoa floraidi. Shirika la Afya Duniani kikomo chake ni miligramu 1.5 kwa lita, huko kuna visima na vijito vina mara kadhaa ya hapo. Bado hujaweka magadi kwenye maharage, nayo yana floraidi. Tumezoea kuongelea meno na miguu ya matege. Mwezi wa nane 2024 taasisi ya Marekani ya kuchunguza sumu ilitoa ripoti baada ya kupitia tafiti nyingi, ikasema kwa uhakika wa kiwango cha kati kwamba maji yenye floraidi zaidi ya 1.5 yanaendana na IQ ya chini kwa watoto. Kwa uhakika wa kati, siyo mkubwa, na naomba mtu asije akamwangalia mtoto meno akampima akili, hilo litakuwa kosa lile lile la kusema damu. Nimefundisha watoto wa meno ya kahawia ambao leo ni madaktari. Lakini pale Ngurdoto kipo kituo cha utafiti cha wizara ya maji ambacho miaka mingi kimefundisha kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mkaa tu na ndoo, na nyumba ngapi wanayo hiyo ndoo? Mtumeni mwandishi akaandike hiyo.

Na masikio. Jamani masikio. Na macho. Kila mwaka kidato cha kwanza nikipokea wanafunzi wapya nawazungusha madawati wiki mbili za mwanzo, namnong'oneza mmoja mmoja jina lake nikiwa nyuma yake, namsomesha ubao akiwa mwisho wa darasa, na kila mwaka, KILA mwaka, napata wawili watatu ambao wamekuja na sifa ya uzito wa kichwa kumbe haoni ubao au hasikii sikio moja. Hilo halihitaji bajeti.

Mnaweza kuniambia mwalimu hayo madogo madogo yatabadilisha nini. Kule Embu, nchi jirani ya Kenya, vijijini, watafiti waliwapima watoto mwaka 1984 kwa mtihani wa maumbo usiohitaji kusoma, wakarudi 1998 wakapima tena watoto wa umri ule ule, alama zikawa zimepanda sana. Miaka 14 tu. Jeni za kijiji hazibadiliki kwa miaka 14, waliozaa wale watoto wa pili wengine wanaweza kuwa kaka na dada za wale wa kwanza. Kilichobadilika walichokiandika ni kwamba wazazi wengi zaidi walikuwa wanajua kusoma, watoto wanakula vizuri na wana afya zaidi, na familia zimepungua ukubwa. James Flynn wa New Zealand ndo alikuwa ameshaonyesha toka miaka ya 80 kwamba nchi nyingi zilizoendelea zimepanda kama pointi 3 kila miaka 10, na watu wa Embu wakaonyesha kwamba siyo jambo la Wazungu.

Karibu zaidi ya hapo ni Bagamoyo. Robert Sternberg na wenzake, waliandika 2002, waliwapa watoto wa shule za msingi vijijini huko mitihani ya kufikiri, halafu kundi moja wakalifundisha kwa muda usiofika hata saa moja namna ya kukabili maswali ya aina ile, wakawapima tena. Alama zikapanda, na cha maana zaidi kwangu, waliokuwa juu mwanzo siyo lazima ndo waliokuwa juu mwisho, mpangilio ulivurugika. Mtihani wa kwanza ulikuwa umepima nani ameshawahi kukutana na vitu kama vile. Saa moja, Mhariri, na nyie mnataka tuamue miaka 60 ya mtu kwa ripoti ya la tatu.

Huyu Alfred Binet aliyetengeneza mtihani wa kwanza wa kupima akili wa aina hii pale Paris mwaka 1905 pamoja na mwenzake Simon, alitumwa atafute watoto wanaohitaji kusaidiwa zaidi darasani ili wasaidiwe. Na mwaka 1909 akaandika kuwalaumu waziwazi wanaosema akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Mtihani ulipofika mikononi mwa wengine ndo ukageuzwa wa kuchuja na kutupa watu. Na kabla yake, 1869, Mwingereza Francis Galton alishaandika kwamba akili ni ya ukoo na kwamba sisi watu weusi kwa asili tuko chini. Inaniuma sana nikiona hoja iliyotumika kututenga sisi tunaichukua wenyewe tunaitumia ndani ya nyumba zetu, kwa watoto wetu, kwa kuchagua nani apewe ada na nani apelekwe mjini kuosha vyombo vya watu.

Ninachoomba ni haya. Mrekebishe kwenye ukurasa ule ule wa malezi, kwa ukubwa ule ule, kwamba mtoto anarithi nusu kwa baba nusu kwa mama, kwamba ile asilimia haimhusu mtoto mmoja mmoja, na ule ushauri wa kuchagua watoto wakiwa la tatu muufute kabisa. Na mkipata nafasi mwambieni mzazi kabla hajasema mtoto mzito ampeleke kupimwa masikio na macho, aanze kwa kuulizia hospitali ya wilaya.

Mdogo wangu nilimpigia jana. Nilimwambia binti yako nusu ya jeni zake ni zako na nusu za baba yake, na zile zako ni zile zile ulizokuwa nazo dawati la nyuma, hakuna aliyekuongezea nyingine. Alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekata. Halafu akasema, "Kwahiyo zilikuwepo." Nikamwambia zilikuwepo. Akasema basi waandike, maana yule shemeji naye analisoma hilo gazeti.

Linafika Mbuyuni kama saa moja asubuhi, analisoma kabla hajaanza kupanga mikungu. Atakuwa anaangalia.

Mwalimu wa bailojia,
Moshi